George Washington na shamba la mama yake: zaidi ya miaka 12 bila kuona senti

Mjukuu_wa_Shamba #1

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki mbili hizi nimekuwa nasoma barua za George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Zimewekwa mtandaoni bure, asomaye asome. Nilikuwa natafuta habari za kilimo cha Virginia enzi zile, nikaangukia za mama yake, na usiku ule sikulala. Ukimvua lile wigi na kumshusha kwenye farasi, ni kesi tunayoijua wote: mama ana shamba, shamba limechoka, mtoto mwenye uwezo anabebeshwa usimamizi, kodi inapangwa na shemeji, mwishowe kila mtu anajiona kadhulumiwa.

Mama anaitwa Mary Ball Washington. Waandishi wengi wamemfanya bibi mlalamishi asiyetosheka. Wengine wamemgeukia George wakamfanya mtoto bahili. Mimi naona ugomvi ulikuwa kwenye daftari la mapato tu, na daftari lenyewe lilikuwa limekwisha kuharibika kabla George hajalishika.

Naweka kipande kwa kipande, natumia simu.

Kiti_cha_Mbele #2

Nimewahi siti. Tiririka mkuu.

Bwana_Shajara #3

Samahani nakukata mwanzoni kabisa. Washington hakuvaa wigi. Zile ni nywele zake, alikuwa anazipaka unga na kuzifunga nyuma. Endelea.

Mjukuu_wa_Shamba #4

Nimepokea, wigi tumelivua kweli.

Tuanze na ardhi, maana hapa watu huchanganya. Kuna mashamba mawili.

La kwanza lipo ukingoni mwa mto Rappahannock, ng'ambo ya mji wa Fredericksburg, Virginia. Siku hizi linaitwa Ferry Farm kwa sababu ya kivuko kilichokuwa hapo. Baba yao, Augustine, alihamishia familia pale mwaka 1738, akafa Aprili 1743. George ana miaka 11. Kaka mkubwa wa mama mwingine, Lawrence, akarithi kule kulikokuja kuitwa Mount Vernon, yaani kwenye nyama. George akapewa hili la kivukoni, lakini mama alisimamie mpaka mtoto afikishe miaka 21.

Akafikisha mwaka 1753. Mama hakuhama. Mtoto naye hakumwambia ahame. Ikapita miaka mingine 19 hivi, shamba ni la George kwenye karatasi, mama ndiye anayelima na kula.

La pili ni la mama mwenyewe: ekari 400 sehemu iitwayo Little Falls, mto huohuo, alizopewa na baba yake Joseph Ball. Sheria ya Virginia wakati ule, mwanamke akiolewa mali yake inaingia mkononi mwa mume. Mary alifiwa akiwa na miaka thelathini na kitu, watoto watano, na hakuolewa tena hadi kufa. Wanaomwita mkaidi wangefikiria na hilo. Angeolewa tu, Little Falls ingekuwa na bwana mwingine.

dalali_mstaafu #5

Hapo kwenye "la mtoto kwenye karatasi" ndipo kesi zote zinapozaliwa. Udongo vipi?

Mjukuu_wa_Shamba #6

Ndiyo roho ya uzi huu.

Virginia iliishi kwa tumbaku. Tumbaku inafyonza. Unafyeka msitu, unalima misimu mitatu au minne, majani yanaanza kuwa mepesi, unahamia kipande kingine. Kile cha zamani unakitia mahindi kidogo, halafu unakilaza kirudi pori miaka kama 20. Samadi ilikuwa haba kwa sababu ng'ombe na nguruwe waliachwa wazurure porini, wakazungushia uzio mazao badala ya mifugo. Kwa hiyo mwenye ekari 600 alikuwa anatumia kipande kidogo tu, vingine vimelala au havijafyekwa. Utajiri ulikuwa kwenye pori lililobaki. Pori likiisha, umeisha.

Washington mwenyewe aliiona hiyo hesabu mapema. Katikati ya miaka ya 1760 aliacha tumbaku Mount Vernon, akahamia ngano. Lakini Mount Vernon alikuwepo mwenyewe, anapanda farasi kila siku kukagua. Kwa mama kulikuwa na mnyapara.

Kiti_cha_Mbele #7

Mnyapara tena 😂 hapo nimeshajua mwisho.

Mjukuu_wa_Shamba #8

Subiri kidogo.

Mwaka 1771 mama ameshapita miaka 60. George anasafiri hadi Fredericksburg, anayazungukia mashamba, familia inakaa kikao. Uamuzi: mama ahamie mjini karibu na binti yake wa pekee, Betty, mke wa Fielding Lewis. George ananunua nyumba yenye bustani, aliyoichagua mama mwenyewe, kwa pauni 275. Mama anahamia mwaka 1772.

Little Falls je? George anaichukua yeye kwa kodi ya mwaka, kati ya pauni 80 na 100, ardhi pamoja na watumwa wanaoilima. Na kodi haikupangwa kwa kupima udongo. Ilipangwa na Fielding Lewis na watu wengine ambao mama aliwataja. Shemeji na wazee wa upande wa mama, kwa kifupi. Miaka kumi baadaye George akaandika kwamba shamba lile halikuwahi kutoa hata nusu ya kodi aliyokuwa anapaswa kulipa.

Hata nusu, jamani.

Mama_Kunde #9

Lakini mkuu, usiseme "kodi" kama kwamba ni mpangaji na mwenye nyumba. Ile ilikuwa njia ya kumpa mama matunzo bila kumdhalilisha. Bibi wa watu hataki kuomba, anataka alipwe kwa kitu chake. Ukimpa pauni 80 za mkononi ni sadaka, ukizipitisha kwenye shamba ni haki yake. Nadhani George alijua kabisa hesabu haifungi.

Mjukuu_wa_Shamba #10

Mama_Kunde hilo umelisema vizuri kuliko nilivyopanga. Ila naona tatizo: ukishaiita haki, siku isipolipwa inakuwa deni. Wanakijiji wanaanza kusema mtoto anamlaza mama yake njaa.

Twende kwenye uuzaji. Mama akishahamia mjini, George anataka kuliuza la kivukoni. Anatoa tangazo gazetini mwaka 1772. Nalifupisha: eneo la ekari 600, kati ya hizo kama 200 zimefyekwa, ukingo wa kaskazini wa Rappahannock, mkabala na mwisho wa chini wa mji. Juu kidogo ya barabara pana mojawapo ya mahali pazuri zaidi pa kujenga nyumba mto mzima, unaona karibu kila nyumba ya mjini na kila chombo kinachopita. Anayetaka mkopo wa muda mrefu atapewa.

dalali_mstaafu #11

Hahahaha. Nimedalalia mashamba Mkuranga na Kisarawe miaka 14, lugha hiyo naielewa hata ikisemwa kwa kizungu cha mfalme. Katika hayo uliyotuwekea neno "udongo" halipo. Neno "mavuno" halipo. Anasifia upepo na kuona meli. Shamba likisifiwa mandhari ujue jembe limeshashindwa. Anauza kiwanja huyu.

Na "mkopo mrefu utatolewa" maana yake wanunuzi hawapo.

Mjukuu_wa_Shamba #12

Umepiga palepale. Mnunuzi alipatikana mwaka 1774 na hakuwa mkulima wa kutafuta rutuba. Ni daktari, Hugh Mercer, Mskoti aliyekimbilia Amerika baada ya upande wake kushindwa kwenye mapigano ya Culloden, kule Uskoti, mwaka 1746, sasa anatibu watu na kuuza dawa Fredericksburg. Naye alikuwa na ndoto ya kupima viwanja na kuanzisha mji pale ng'ambo. Bei pauni 2,000 za Virginia (hizo zilikuwa nyepesi kuliko za Uingereza), kwa mafungu matano, kila mwaka fungu moja.

Hesabu miaka: 1774, mafungu matano ya mwaka. Vita vya uhuru dhidi ya Waingereza vinaanza 1775. Mercer anakuwa jenerali chini ya huyohuyo aliyemuuzia shamba. Tarehe 3 Januari 1777, kwenye mapigano ya Princeton, anachomwa visu vya bunduki, anakufa siku tisa baadaye. Mafungu hayajatimia. Mji haukujengwa.

Fundi_Ramani #13

Aisee. Muuzaji na mnunuzi vita kimoja, na deni katikati yao.

Swali: pesa za Virginia wakati wa vita si zilianguka?

Mjukuu_wa_Shamba #14

Zilianguka vibaya. Na hapa kuna jambo ambalo wauza ardhi kwa mkopo wote wangelisoma. Washington aliwahi kuandika, akiwa vitani, kwamba hati za madeni alizopaswa kulipwa zamani, kama asingewaonea huruma wadaiwa, sasa analipwa shilingi moja kwa pauni. Pauni ni shilingi 20. Mdaiwa anakuja na bahasha ya noti, kwenye hesabu amemaliza deni, kwenye soko amekupa sehemu ya ishirini. Na kukataa noti za serikali unayoipigania ni aibu. Hapo sisemi habari za Mercer, nasema wadaiwa wake kwa jumla.

Sasa rudi kwa mama. Kama kodi yake inalipwa kwa noti hizohizo, pauni 80 zake nazo zimekuwa nini?

Mama_Kunde #15

Ndiyo hiyo niliyokuwa naisubiri! Watu wanasema bibi alalamika ana nini, nyumba anayo. Chumvi ilipandaje? Ushuru ulipandaje? Mtoto yupo kaskazini mwaka wa sita, mkwe ndiye aliyekuwa karibu.

Mjukuu_wa_Shamba #16

Na mkwe naye akafariki vita vinakwisha, akiwa amejimaliza kwa kusimamia kiwanda cha bunduki cha Virginia pale Fredericksburg.

Mwaka 1781 ndipo fedheha ilipofika. Benjamin Harrison, spika wa bunge la Virginia, anamwandikia Washington kwamba baadhi ya wabunge wana hoja ya kumpa mama yake posho kwa sababu ana hali ngumu. Hebu fikiria. Wewe ndiye amiri jeshi, Waingereza wameingia jimboni kwenu, bunge linajadili njaa ya mama yako.

Anajibu tarehe 21 Machi 1781. Barua ya mtu aliyeumia lakini anajikaza. Anaeleza nyumba aliyonunua, anaeleza kodi, anasema kabla hajaondoka Virginia alijibu kila ombi la pesa na msimamizi wake aliachiwa maagizo ayafanye hayohayo, kwa hiyo dhiki inatoka wapi yeye hajui. Hakuna mtoto wa mama yule ambaye hatagawana naye peni sita za mwisho. Hoja izimwe. Ikazimwa.

Mwaka uliofuata, Machi 1782, mama anamwandikia mwanawe. Maandishi yake ni ya mtu asiyesomeshwa sana, maneno anayaandika anavyoyasikia. Vita vilikuwa vimemkimbiza hadi kule ng'ambo ya milima, na George alipopita Fredericksburg hawakuonana. Anasikitika hawataonana tena. Halafu anasema akikimbizwa tena kule, basi ataingia kwenye kijumba chake mwenyewe, hata kiwe cha futi 12 kwa 12.

Chake mwenyewe. Hilo neno naliona ndilo lililokuwa linamsumbua bibi muda wote, kuliko pauni.

Kiti_cha_Mbele #17

Futi 12 kwa 12 ni chumba cha kupanga Manzese.

Fundi_Ramani #18

Mnyapara yuko wapi? Tulimwahidi nafasi.

Mjukuu_wa_Shamba #19

Huyo hapa. Januari 1783, bado yuko kambini, Washington anamwandikia mdogo wake John Augustine. Mama amelalamika kwamba mnyapara wa Little Falls ni mwizi, hapati kitu kutoka kwake. George anasema: na mimi sipati kitu, huku kodi ya kati ya pauni 80 na 100 kwa mwaka inanisubiri. Anamwomba mdogo wake aende akaangalie. Anasema ni mzigo mno, mali yake mwenyewe anaishikilia kwa shida isiuzwe, halafu abebe gharama zote za mali ya mama bila faida hata ndogo.

Oneni mnyororo ulivyo. Mwenye shamba yuko mjini. Mpangaji yuko vitani. Msimamizi mkuu wa mpangaji, binamu yake Lund, yuko Mount Vernon, mbali. Shambani yupo mnyapara peke yake, na mama anatuma watu wakachukue mahindi na nyama anapotaka, maana ni kwake. Nani anaandika kilichotoka? Hakuna. Mama anasema sijalipwa, mtoto anasema umekwisha kuchukua kwa gunia. Wote wawili wanasema kweli.

Mimi nasimamia ekari 9 za shangazi yangu, ndiyo maana barua ile niliisoma mara tatu. Shangazi akija msimu wa mavuno anaondoka na debe zake, hakuna wa kumwandikia risiti. Nani ataanza?

dalali_mstaafu #20

Usithubutu.

Mjukuu_wa_Shamba #21

😅 Siwezi.

Sasa barua kubwa. Tarehe 15 Februari 1787. Vita vimeisha, George yuko nyumbani. Mama ameomba pesa. Anamtumia gini 15 za dhahabu, anasema ndizo zote alizonazo, tena zilikuwa zimetengwa kwa kazi nyingine. Anadaiwa zaidi ya pauni 500, na zaidi ya 340 ni kodi ya serikali ya mwaka 1786. Miaka miwili hakuvuna. Ngano yake mbaya, hailiki wala haiuziki, tumbaku halimi. Wanaomdai yeye wanadai, anaowadai hawalipi bila kushtakiwa.

Halafu analeta hesabu ya shamba. Zaidi ya miaka 12, pengine tangu mwanzo, hajaona senti kutoka pale, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Kwenye daftari la Lund, mama amelipwa pauni 260 na ushee. Kwenye daftari lake mwenyewe, pauni 50 na ushee. Na juu yake mama amechukua kila kilichozaliwa shambani. Wa kulaumiwa ni nani, au kama yupo wa kulaumiwa, anasema hajui. Ila kuanzia tarehe 1 Januari ameachana na shamba na watu wake.

Kisha ushauri: funga nyumba, kodisha watumwa, bakiza mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kaishi na mmoja wa watoto wako. Kwangu karibu, lakini hapatakufaa: nyumba yangu ni kama hoteli ya njiani, kila mgeni anayetoka kaskazini kwenda kusini au kusini kwenda kaskazini analala siku moja au mbili. Itabidi uwe unavaa kila saa kama mtu wa wageni, au utokee na nguo za kushindia nyumbani, au uwe mfungwa chumbani.

Mama_Kunde #22

"Karibu lakini." Hiyo ndiyo ilimuua bibi kabla ya ugonjwa.

Bwana_Shajara #23

Uzi mzuri, lakini nina neno. Mmetaja kodi, mnyapara, udongo, debe. Watumwa mmewapitia kama majembe. Kodi ile ilihesabu ardhi na watu pamoja. Bila wao ekari 400 zilizochoka zisingekodishwa kwa bei hiyo popote.

Mjukuu_wa_Shamba #24

Ni kweli, na nakiri. Nilitaka kufika mwaka 1789 ndipo niwaweke, lakini kuwaweka mwisho ndiyo ilikuwa kosa lenyewe.

Mary alifariki tarehe 25 Agosti 1789 kwa saratani ya titi. Mtoto ana miezi minne tu ya urais. Wosia aliuandika mwaka uliotangulia. George anapewa ardhi ya mama kwenye kijito cha Accokeek, kitanda kizuri chenye mapazia, mfarishi wa buluu na nyeupe, kioo cha kuvalia. Na kijana mtumwa, jina lake naye George, wake yeye na warithi wake milele. Yote kwenye orodha moja, kijana na kioo.

Septemba Washington anamwandikia Betty namna ya kugawa vilivyobaki. Watu walio kwenye mazao chini ya mnyapara wabaki mpaka mavuno yaishe, na yaishe upesi. Baada ya hapo farasi, mifugo na kila aina ya mali isiyotajwa kwenye wosia, madeni yakishalipwa, igawanywe sehemu tano sawa: moja Betty, moja Charles, moja yeye, na mbili kwa watoto wa Samuel na John Augustine waliokwisha kufariki. "Kila aina ya mali" wamo na watu. Walioishi pamoja Little Falls miaka yote ile, wakalima udongo uliokataa, wanaingizwa kwenye hesabu ya tano.

Na kwenye barua hiyohiyo anarudia: sijawahi kupata hata peni kutoka kwenye mali ile, nimelipa mamia ya pauni, lakini sidai fidia.

Fundi_Ramani #25

Na lile la kivukoni lililouzwa kwa daktari, lipo?

Mjukuu_wa_Shamba #26

Lipo. Mwaka 1996 Walmart walitaka kujenga duka pale, watu wakapiga kelele, likahifadhiwa. Mwaka 2008 wachimbuzi wa mambo ya kale wakatangaza wamepata msingi wa nyumba ya Washington.

dalali_mstaafu #27

Nilisema. Kiwanja.

Mama_Kunde #28

Mkuu kwenye ile barua ya 1787, alipoachana na shamba, aliwarudisha watumwa wote kwa mama?

Mjukuu_wa_Shamba #29

Wote isipokuwa mmoja aliyekuwa Mount Vernon. Washington anaandika kwamba huyo hataondoka, kwa sababu ameshapata watu wake jirani pale. Jina lake hakuliandika. Katika barua nzima ya pauni na gini na ngano mbovu, ndiye pekee ambaye amiri jeshi anasema amekataa, na anaacha hivyohivyo.

Mama_Kunde #30

Huyo ningependa uzi wake.